Bunduki Iliyotoka Vitani Ikaingia Msituni

Ingia duka la bunduki katika mji mdogo wa Wisconsin, Marekani, siku chache kabla ya msimu wa kuwinda kulungu mwezi Novemba. Muuzaji atakuuliza maswali machache tu. Utawinda kwenye kichaka au uwanda wazi? Bega lako linavumilia teke kiasi gani? Mfukoni una nini? Ukishajibu, kuna uwezekano mkubwa atakushushia bunduki ya komeo.

Jina linajieleza. Nyuma ya mtutu kuna chuma kinachofanya kazi kama komeo la mlango. Unakiinua na kukivuta nyuma, ganda tupu linaruka nje. Unakisukuma mbele, risasi mpya inaingia. Unakilaza, mlango umefungwa. Kila risasi ni kazi ya mkono, kwa hiyo mwindaji hujifunza kulenga vizuri ile ya kwanza.

Na kulungu huyo si yule wa Aberdare. Wetu ana pembe za kudumu. Dume la Marekani lina pembe zenye matawi, huziangusha kila mwaka na kuotesha nyingine.

Sasa, mnunuzi anadhani anachagua mwenyewe. Kumbe mengi aliyowekewa mezani yaliamuliwa na majeshi zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Mwaka 1898 jeshi la Ujerumani lilipokea bunduki ya Paul Mauser, fundi wa mji wa Oberndorf. Komeo lake lilikuwa na meno mawili mbele ya kufungia na jino la tatu la akiba nyuma, pamoja na ukucha mrefu wa kuishika risasi tangu inapotoka ndani ya kasha lake. Mwaka huohuo Wamarekani walionja Mauser ya aina ya awali kwa uchungu huko Cuba. Wahispania wachache juu ya vilima vya San Juan waliwaua na kuwajeruhi Wamarekani zaidi ya 1,000 kabla ya kushindwa. Washington ilielewa somo. Bunduki yao mpya, Springfield ya 1903, iliiga Mauser waziwazi kiasi kwamba serikali ililazimika kumlipa Mjerumani dola 200,000.

Mmoja wa waliopanda vilima vile alikuwa Theodore Roosevelt. Baadaye akawa rais, na alipotoka madarakani mwaka 1909 alishuka Mombasa na Springfield yake iliyotengenezwa upya kwa ajili ya uwindaji. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika safari hiyo. Silaha ya vita ilikuwa imebadilisha nguo tu.

Kwao, wakati huo, wawindaji wengi wa kulungu bado walipenda Winchester ya 1894, inayojazwa kwa kusukuma mkono wa chuma ulio chini ya triga. Ni nyepesi na inafaa kichakani. Lakini risasi zake hupangwa ndani ya bomba, pua ya moja ikigusa kitako cha nyingine, kwa hiyo pua lazima iwe butu, isije ikailipua ya mbele yake. Bunduki ya komeo huzilaza risasi juu ya nyingine kwenye kasha. Zinaweza kuchongoka, na risasi iliyochongoka hukata hewa vizuri zaidi na kufika mbali.

Vijana waliorudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia walikuwa wameshazoea komeo. Risasi yao, .30-06, ilibeba historia kwenye jina: namba ya kwanza ni kipenyo, sehemu 30 kati ya 100 za inchi, na ya pili ni mwaka wake, 1906. Winchester ikafuata soko. Mwaka 1925 ilitoa risasi ya .270, iliyozaliwa kutokana na ile ya jeshi, na mwaka 1936 ikatoa Model 70, bunduki ambayo wawindaji wanaitajia jina mpaka leo. Hata .243 ya mwaka 1955, anayopewa mtu mwenye bega jepesi kwa sababu teke lake ni dogo, ni mjukuu wa risasi za kivita.

Baada ya Vita vya Pili mabaki ya majeshi yaliuzwa kwa bei ya kutupwa, hata kwa posta. Bunduki ya komeo ya Kiitaliano iliyomuua Rais Kennedy mwaka 1963 ilinunuliwa hivyo, pamoja na darubini yake, kwa dola 19.95 kabla ya gharama ya posta. Sheria ya 1968 ndiyo iliyoufunga mlango huo. Chuma kilichokuwa kikiuzwa kama cha msituni kilikuwa bado kinakumbuka vita.

Lakini kuna upande mwingine. Tangu 1937 sheria ya Pittman-Robertson inaelekeza kodi ya bunduki na risasi kwenye uhifadhi wa wanyamapori, na leo kodi ya bunduki ya aina hii ni asilimia 11. Kulungu, aliyekaribia kuisha katika majimbo mengi mwanzoni mwa karne ya 20, amejaa tena hadi anavamia bustani za watu. Anayenunua bunduki ya kumuua ndiye pia anayemlipia nyasi.

Huku kwetu swali la kuchagua bunduki halikuwahi kuwa la kila mtu. Wakati wa ukoloni, mgeni mwenye leseni na bunduki ya bei aliitwa mwindaji. Mkamba au Mwaata mwenye upinde na mshale wa sumu, mtu aliyejua pori kuliko wote, aliitwa jangili. Mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na leseni za wageni nazo zikaisha.

Basi, kabla ya kipenyo, uzito na darubini, kuna jambo ambalo muuzaji wa Wisconsin hana haja ya kuuliza, kwa sababu sheria ya kwao ilishajibu zamani: mnyama huyu ni wa nani? Huko ni mali ya umma, na mwananchi wa kawaida hukata kibali akaenda. Huku jibu liliandikwa na watu wengine, na aliyelipa ni mwenye upinde.