MTOTO HUYU NI WA NANI? Daftari la walezi, tangu Madina hadi Bagamoyo

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Ndugu zangu katika imani, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni aya ya 282 ya Suratul Baqara. Haizungumzii sala wala Hijja. Inazungumzia kuandika deni: liandikwe likiwa dogo au kubwa, na mashahidi wawepo. Sasa jiulize. Ikiwa Allah ametuamrisha tuandike shilingi, vipi mtoto wa mtu anahamishwa nyumba hii kwenda nyumba ile na hakuna hata karatasi moja?

Leo tuzungumze historia ya jambo hili. Someni mpaka mwisho, kwa sababu linatugusa sisi watu wa pwani kuliko wengine.

*1. Zayd, mtoto aliyeibwa*

Zayd bin Haritha (R.A.) alitekwa akiwa mdogo, akauzwa sokoni Ukadh. Akafika mikononi mwa Bibi Khadija (R.A.), naye akampa Mtume (S.A.W.). Mahujaji wa kabila lake la Kalb walimtambua Makka, wakampelekea habari baba yake, Haritha. Mzee akaja kumkomboa. Mtume (S.A.W.) akamwachia Zayd achague, naye akachagua kubaki. Hapo akatangazwa kuwa mwana, watu wakamwita Zayd bin Muhammad.

Kisha ikateremka Suratul Ahzab, aya ya 4 na ya 5. Watoto wa kulea wakaamriwa waitwe kwa majina ya baba zao, na ambaye baba yake hajulikani ahesabiwe kuwa ndugu katika dini. Zayd akarudi kuitwa bin Haritha. Je, mapenzi yalipungua? Hapana. Mtume (S.A.W.) alimpenda, na akamfanya amiri wa jeshi la Mu'ta. Kilichobadilika ni kumbukumbu tu: ukweli ukarudi mahali pake.

Elewa vizuri hapa. Uislamu haukukataza kulea. Ulikataza kufuta.

*2. Sayyidna Umar na mtoto aliyeokotwa*

Sayyidna Umar (R.A.) ndiye aliyeanzisha diwani, yaani daftari la majina ya Waislamu na posho zao. Kila kundi lilikuwa na arifu wake, mtu anayewajua watu wake nyumba kwa nyumba.

Imam Malik ametupokelea katika Muwatta kisa cha Abu Jamila, mtu wa Bani Sulaym, aliyeokota mtoto mchanga aliyetupwa. Akampeleka kwa Umar. Kabla ya pongezi, Umar alianza na swali: kwa nini umemchukua? Akajibu kwamba alimkuta anapotea. Umar hakutosheka mpaka arifu wake aliposimama na kushuhudia kwamba huyu ni mtu mwema. Ndipo Umar akahukumu: mtoto ni huru, akae kwa Abu Jamila, na matumizi yake yatatoka Baitul Mali.

Tazama hatua zake. Mlezi aliulizwa nia yake. Mtu anayemjua alitoa ushahidi. Hali ya mtoto ilitamkwa wazi. Serikali ikabeba gharama. Haya ndiyo wanayoyafanya maafisa ustawi wa jamii leo wanapokuja kwako kuuliza unaishi na nani na unakula nini. Wewe unakasirika, unasema wanakuchunguza. Umar alimchunguza mtu ambaye tayari amembeba mtoto mikononi!

Na daftari likikosea, linaumiza. Mwanzoni posho ilitolewa kwa mtoto aliyeachishwa ziwa. Usiku mmoja Umar akasikia mtoto analia bila kunyamaza. Akauliza, mama akajibu, bila kujua anazungumza na nani, kwamba anamwachisha kabla ya wakati kwa sababu Umar hawapi posho wanaonyonya. Umar alilia, kisha akabadilisha utaratibu: kila mtoto aandikwe tangu anapozaliwa. Kwa hiyo daftari linahitaji kuandikwa, na pia kurekebishwa pale linapomdhulumu mtoto.

*3. Bagamoyo*

Sasa turudi nyumbani. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Ujiji, Tabora na Manyema. Katika misafara ile walikuwemo watoto. Tusifiche: wenye watumwa wengi wa pwani hii walikuwa Waislamu. Kuisema historia hii kwa ukweli ni sehemu ya toba.

Mwaka 1868 mapadre wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Anton Horner, walifungua misheni Bagamoyo. Walichukua watoto waliokombolewa utumwani, wakawasomesha, wakawabatiza, wakawapa majina mapya. Na waliandika. Vitabu vyao vya ubatizo na shajara ya misheni vimewasaidia wanahistoria kufuatilia maisha ya watoto wale. Baadaye utawala wa Kijerumani ukatoa hati za uhuru kwa makumi ya maelfu ya watu katika koloni lake lote.

Na sisi? Nyumba zetu pia zilijaa watoto wa bara. Wengine walilelewa vizuri, wakasomeshwa Qur'ani. Mfano mkubwa ni Sheikh Ramiya. Aliletwa Bagamoyo mtoto, mtumwa kutoka Manyema, akakulia katika nyumba ya Amir bin Sulayman al-Lamki. Akasoma, akawa mwanachuoni na khalifa wa Qadiriyya, na alipofariki mwaka 1931 mji mzima ulimjua. Jina lake ni Yahya bin Abdallah. Abdallah maana yake ni mja wa Allah, na ndilo jina walilopewa watu wengi waliotoka utumwani ambao baba zao hawakujulikana.

Kila ninapolisoma jina hilo, nawafikiria watoto wengine waliopita njia ileile na hawakuwa masheikh. Mama zao kule Manyema walilia mpaka wakafa. Haritha alimpata Zayd kwa sababu kuna watu waliomtambua. Hawa nani angewatambua?

*4. Leo*

Leo tunalalamika kwamba watoto wa Kiislamu wanalelewa katika nyumba zisizo za dini yao. Lakini ni nani kati yetu amekwenda ofisi ya ustawi wa jamii akajiandikisha kuwa mlezi? Afisa hawezi kumpeleka mtoto kwa familia ambayo haimo kwenye orodha yake.

Tanzania Bara tunayo Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya 2009. Inazo njia mbili. Kuasili huhamisha haki za wazazi wa kuzaa kwenda kwa walioasili, na hapo Mwislamu lazima awe mwangalifu na suala la nasaba. Malezi ya kambo hayamfanyi mtoto kuwa wa kuzaa wako. Njia hii iko karibu zaidi na kafala yetu. Zanzibar wameitaja kafala yenyewe katika Sheria ya Mtoto ya 2011. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, katika kifungu cha 20, umeitambua.

Lakini wengi wetu tunalea kimyakimya. Mtoto anapewa jina la mlezi, ukweli unafichwa "asiumie". Kisha siku ya ndoa ndipo siri inatoka: walii si walii. Mzee akifariki, mtoto anajiona mrithi, ndugu wanamtoa nje, wakati mlezi angeweza kumwandikia wasia ndani ya theluthi.

Basi kila msikiti uwe na daftari. Kwa mtoto: jina lake, la baba na la mama, kijiji alikotoka, dini ya wazazi, cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, na mali yake kama ipo, maana Suratun Nisaa aya ya 6 imetaka mashahidi siku ya kumkabidhi. Kwa familia: nani wanaishi humo na umri wao, kipato, afya, ushahidi wa majirani, nani atakuwa maharimu wake, na kama mama wa nyumba alimnyonyesha, kwa sababu kunyonyesha kunabadilisha hukumu ya ndoa. Daftari hilo litunzwe kwa siri, wala lisichukue nafasi ya ofisi ya ustawi. Lipeleke watu huko.

Mtume (S.A.W.) ametuahidi kwamba mwenye kumkafili yatima atakuwa karibu naye Peponi kama vidole viwili. Usiitafute daraja hiyo kwa kumpokonya mtoto jina la baba yake.

Kama kwako yupo mtoto unayemlea, leo kabla ya kulala chukua karatasi. Andika unachokijua kuhusu wazazi wake, na mashahidi wawili watie saini. Atakushukuru ukiwa kaburini.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwenzako.