Theluji Haisomwi kwa Kalenda, Inasomwa kwa Saa

 

Tangu niliposema kwamba mwezi Machi sisi manesi kadhaa tunataka kupanda mlima Ben Nevis, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, simu hazikatiki. Mama kanikataza. Shangazi kauliza kama nimechoka kuishi. Wana haki ya kuogopa, maana Machi kule juu ni theluji tupu, na theluji inaua. Sasa badala ya kubishana kwenye simu mpaka vocha iishe, leo nawaletea historia kidogo.

Ben Nevis una mita 1,345 tu, na ndio mrefu kuliko yote Uingereza. Najua ndugu zangu wa Moshi mnacheka, ninyi wenye Kibo ya mita 5,895! Lakini huu unaanza kupandwa karibu kabisa na usawa wa bahari, na uko kaskazini mno. Kati ya chini na kileleni joto hupungua kama nyuzi 9 hivi. Mjini Fort William inaweza kuwa nyuzi 6 na mvua ya rasharasha, huku kileleni maji yanaganda. Chini maua yamechanua, juu theluji imekaa mpaka Mei. Ndiyo maana mlima mfupi huu umewadanganya wengi.

Wa kwanza kuufuatilia kwa bidii alikuwa Clement Wragge. Mwaka 1881, kuanzia Juni hadi katikati ya Oktoba, alipanda mpaka kileleni kila siku, anatoka alfajiri ili awahi kusoma vipimo kwa saa maalumu, huku mkewe akisoma vya kwake kule chini. Mwaka 1882 kazi hiyo ikarudiwa. Tatizo likawa moja: miezi ya theluji ilikuwa haipimwi, na ndiyo iliyokuwa na siri nyingi.

Basi wakachanga fedha, wakachonga njia ya farasi, wakajenga nyumba ya mawe kileleni. Ilifunguliwa Oktoba 1883. Kwa miaka zaidi ya 20, mpaka ilipofungwa 1904 kwa kukosa fedha, watumishi wake walisoma vipimo kila saa, usiku na mchana. Theluji ilikuwa ikifunika mlango, wakawa wanatokea kwenye mnara. Takataka walitupa kwenye korongo lililo ukingoni, na hadi leo korongo hilo linaitwa Gardyloo, neno ambalo watu wa Edinburgh walipiga nalo kelele zamani wakimwaga maji machafu dirishani!

Mimi kama nesi kazi yao naielewa vizuri sana. Mgonjwa aliye mahututi humpimi presha asubuhi ukamwacha mpaka kesho. Unapima kila saa, unaandika kwenye chati, kwa sababu kinachokuambia jambo si namba moja, ni namna namba zinavyokwenda. Daftari zao ni chati ya mlima. Mwaka 2017 watu wa kujitolea walianza kuziingiza kwenye kompyuta, na wanasayansi wanazitumia.

Na theluji kweli hubadilika kama mgonjwa. Usiku wa baridi huigandisha, asubuhi inakuwa ngumu kama saruji. Ukiwa na vyuma vya meno chini ya viatu na shoka la barafu mkononi unatembea vizuri, ukiwa huna unateleza mpaka chini. Joto likipanda mchana inalainika, unazama mpaka magoti, na mwendo wa saa moja unakuwa wa saa mbili. Upepo nao huichota upande mmoja na kuilundika upande wa pili, hata kama haijanyesha mpya, na lundo hilo likikatika ndiyo maporomoko. Kwa hiyo habari ya jana inaweza kuwa uongo leo.

Somo hili lililipiwa kwa gharama kubwa. Novemba 1971, kwenye milima ya Cairngorm, kundi la watu 8 kutoka Edinburgh lilikwama katika dhoruba ya theluji. Huku mwishoni mwa mwezi huo jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Theluji mpya ilikuwa nyingi na laini, mwendo ukawa wa kujikokota, giza likawakuta kabla hawajafika kwenye kibanda walichokitegemea. Walilala nje siku mbili. Walikufa 6: wanafunzi 5 na msaidizi wa kiongozi, binti wa miaka 18. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 akili nayo huanza kupungua, mtu hawezi tena kuamua vizuri. Uamuzi lazima ufanyike mapema, ungali na akili zako.

Baada ya hapo masharti ya kuwapeleka watoto milimani yakakazwa. Na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 Uskoti ina huduma inayotoa taarifa za hatari ya maporomoko kila siku ya msimu wa baridi, kwa ngazi ya 1 hadi 5. Mtu anaisoma jioni, ndipo anaamua kama atafunga viatu kesho.

Msidhani ni mambo ya huku tu. Mjerumani Hans Meyer na mwenzake Ludwig Purtscheller, tarehe 3 Oktoba 1889, walifika ukingo wa kreta ya Kibo wakiwa wamechoka na mchana umeshakwenda, baada ya kazi ya kuchonga ngazi kwenye barafu. Kilele walikiona, wakageuka. Wakapumzika, wakalala karibu zaidi, na tarehe 6 wakapita kwenye ngazi zile zile, ambazo zilikuwa bado hazijayeyuka. Saa nne na nusu asubuhi walikuwa kileleni. Mlima ulikuwa ule ule, kilichobadilika ni saa.

Sasa mama, jibu langu ni hili. Tumelipia kiongozi mwenye cheti na vifaa vyote tunavyo. Taarifa tutaisoma jioni ya kuamkia safari, na ikiwa mbaya tutatembea bondeni, tupige picha, turudi tule wali. Ikiwa nzuri tunaondoka saa moja asubuhi, na ikifika saa saba mchana tunageuka popote tulipo, hata kama kilele kiko mbele ya pua. Hilo tumekubaliana wote, tukiwa bado chini na akili zetu timamu.

Nikishuka nitapiga simu, mama usikae macho. Wasalimieni wote hapo nyumbani, na mniombee hali ya hewa njema!