Murray Walker, Mtangazaji wa Mbio za Motokaa

Tarehe 13 Machi, 2021, alifariki dunia huko Uingereza mzee wa miaka 97 aliyeitwa Murray Walker. Hakuwa mfalme wala waziri. Hakuvumbua dawa wala hakutunga sheria. Kazi iliyompatia jina ilikuwa kushika kipaza sauti na kuwaeleza watu jinsi motokaa zinavyokimbizana. Yamkini wewe, msomaji, utauliza kazi ya namna hiyo ina haki gani ya kutiwa katika historia. Swali lako ni la haki. Jibu lake halimo katika ushindi, kwani Walker hakuwa bingwa wa mbio hizo. Limo katika jambo la ajabu, ya kuwa alikosea mara nyingi, mbele ya mamilioni ya watu, na kila alipokosea walizidi kumpenda.

Alizaliwa Birmingham tarehe 10 Oktoba, 1923. Baba yake, Graham Walker, alikuwa mwendesha pikipiki hodari, ambaye mwaka 1928 alishinda Grand Prix ya Ulster, na mwaka 1931 akashinda shindano la pikipiki nyepesi katika Kisiwa cha Man. Alipoacha mbio akawa mtangazaji wa BBC. Basi mtoto aliinukia katika harufu ya petroli. Vita Kuu ya Pili ilimkuta kijana, akapewa kuongoza kifaru katika kikosi cha Royal Scots Greys, akapigana hata ndani ya Ujerumani, na akatoka jeshini na cheo cha kapteni. Baadaye alijaribu kushindana kwa pikipiki kama baba yake, lakini haukupita muda akatambua kwamba urithi wake haukuwa mikononi. Ulikuwa kinywani.

Mwaka 1948, katika shindano la motokaa la kupanda kilima huko Shelsley Walsh, alipata nafasi ya kuwatangazia watazamaji waliokuwapo. Mwaka uliofuata BBC ikampeleka Silverstone, kwenye Grand Prix ya Uingereza, awatangazie wasikilizaji wa redio. Hapo ndipo alipoonja uchungu wa kazi yake mapema kuliko alivyotazamia. Dereva John Bolster alipinduka vibaya karibu na mahali alipokuwa amesimama, na Walker aliamini kwamba mtu yule amekufa. Aseme nini? Kijana wa miaka 25 hakuwa na maneno ya msiba. Alisema tu kwamba Bolster ametoka nje ya njia, akaendelea. Bolster alipona. Walakini swali lile, la mtangazaji anayeona mauti kabla ya watu kuambiwa, lilibaki likimngoja.

Tangu mwaka 1949 alitangaza mbio za pikipiki pamoja na baba yake, mpaka baba alipofariki mwaka 1962. Usidhani kwamba utangazaji ulimlisha. Siku za kazi alikuwa mtu wa matangazo ya biashara, na mbio zilikuwa za mwisho wa juma. (Wengi walishikilia kwamba ndiye aliyetunga tangazo mashuhuri la chokoleti ya Mars; mwenyewe alikana, akakubali lile la chakula cha ndege wa kufugwa.) Ilipofika mwaka 1978 BBC ilianza kuonyesha mashindano ya Formula 1 kwa mfululizo, naye akawa sauti yake.

Ili umhukumu kwa haki, fikiri kwanza namna kazi yenyewe ilivyo. Mtangazaji wa mpira, kama alivyokuwa marehemu Leonard Mambo Mbotela kwetu Kenya, huuona uwanja wote mbele yake. Mtangazaji wa motokaa hukaa katika kibanda kidogo, na njia ya mbio humzunguka kwa kilometa kadhaa, imefichwa na miti na majengo. Aghalabu hutazama kioo cha televisheni kama wewe unavyotazama nyumbani. Magari zaidi ya 20 hupita, mengine kwa mwendo wa kilometa 300 kwa saa, na kila dereva amefunikwa kofia ngumu hata uso wake hauonekani. Walker alikwenda kwa mafundi na madereva kabla ya kila shindano, akauliza, akaandika kwa mkono wake. Kwa hiyo makosa yake hayakuwa ya uvivu. Yalitokana na ulimi kulitangulia jicho. Mara nyingi alimsifu dereva kwamba hakuna awezaye kumzuia, na papo hapo gari likatoa moshi likasimama. Tena alikuwa na desturi ya kusema kwamba jambo fulani ni hivi, isipokuwa kama amekosea sana. Kisha, kwa sauti ileile ya furaha, akakiri kwamba amekosea sana.

Kuanzia mwaka 1980 alifuatana na James Hunt, bingwa wa dunia wa mwaka 1976. Hao walikuwa kama usiku na mchana. Walker alifika mapema na makaratasi yake. Hunt alichelewa, akaketi kwa utulivu, akasema lililo moyoni bila kumwonea mtu haya. Na kipaza sauti kilikuwa kimoja, wakipokezana! Walker alisimulia baadaye kwamba safari moja Hunt alimpokonya, naye akainua ngumi. Lakini walidumu pamoja hadi Juni 1993, Hunt alipokufa kwa maradhi ya moyo, umri wake miaka 45.

Mwaka uliofuata lile swali la Silverstone likarudi. Ilikuwa Imola, Italia. Jumamosi, tarehe 30 Aprili, 1994, dereva Roland Ratzenberger wa Austria alikufa katika majaribio. Jumapili, katika mzunguko wa saba, gari la Ayrton Senna wa Brazil, bingwa wa dunia mara tatu, liliacha njia likagonga ukuta. Walker alimjua Senna kwa miaka kumi. Aliona, kama watu wote walivyoona, kwamba dereva amekaa tu ndani ya gari. Picha za Italia zilimwandama majeruhi kwa karibu mno. BBC, iliyokuwa na kamera yake, iliwageuzia watazamaji wake picha nyingine. Walker akabaki na kazi ya kujaza muda huo, na baadaye kutangaza mbio zilizoanzishwa upya, bila habari ya yakini. Mtu aliyezoeleka kwa kupaza sauti aliishusha. Hakutangaza kifo ambacho hakijathibitishwa. Habari yenyewe ilitolewa jioni. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo siku aliyoifanya kazi yake vizuri kuliko zote, ijapokuwa haikumbukwi kwa kicheko.

Ikumbukwayo zaidi ni ile ya Suzuka, Japani, mwezi wa Oktoba 1996. Damon Hill, Mwingereza, alikuwa akielekea ubingwa wa dunia. Baba yake, Graham Hill, aliupata ubingwa huo mwaka 1962 na 1968, akafa katika ajali ya ndege mwaka 1975. Aliyetangaza naye alikuwa mwana wa Graham, aliyeifuata njia ya baba yake. Hill alipomaliza, Walker aliwaambia watazamaji, ambao huko Uingereza walikuwa wameamka alfajiri, kwamba lazima anyamaze, kwa sababu amekabwa na donge kooni. Akanyamaza.

Tangu mwaka 1997 alitangaza kupitia ITV pamoja na Martin Brundle, na tarehe 30 Septemba, 2001, akaitangazia ITV Grand Prix yake ya mwisho huko Indianapolis, Marekani. Njia ya mbio ya huko ilitandikwa matofali mwaka 1909, na leo umebaki ukanda mmoja tu wa matofali hayo kwenye mstari wa kumalizia. Wenyeji walimzawadia tofali moja katika yale ya kwanza. Alilichukua, akaenda nalo kwao Uingereza.