Gari Juu ya Mawe

Katika miji yetu ya pwani, na hata ya bara, mtu apitaye nyuma ya gereji akaona gari limepandishwa juu ya mawe, magurudumu yametolewa na boneti imeota kutu, haulizi mengi: hujua kuwa gari hilo limekwisha, kwamba mwenyewe amefilisika, au amefariki, au anangoja spea zisizokuja, na kwamba baada ya siku si nyingi kuku watataga ndani yake. Kwa hiyo niliposimama mwanzoni mwa Novemba mbele ya banda la jirani yangu mmoja katika mji mdogo wa jimbo la Michigan, nikaiona ile MG yake nyekundu, ambayo kiangazi kizima nilimwona akiifuta kwa kitambaa laini kila Jumamosi, imeinuliwa kwa jeki ikawekwa juu ya stendi nne za chuma, betri zimeng'olewa na mdomo wa bomba la moshi umezibwa, nilimpa pole, kama ilivyo wajibu kwa mtu aliyefikwa na hasara. Mzee yule alicheka. Gari, alisema, halina hata ugonjwa mmoja. Linalala tu, na litaamka mwezi wa Aprili.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiidadisi asili ya ada hii ya kulaza magari, nayo ina tarikhi iliyopindapinda kuliko nilivyodhani. Motokaa za awali, zile zilizofuata hati ya uvumbuzi aliyoipata Karl Benz mwaka 1886, aghalabu hazikuwa na paa wala vioo vya ubavuni. Abiria aliketi juu kama aketivyo mtu katika gari la farasi, akipigwa na upepo usoni, na kwa kuwa baridi ya kaskazini mwa Marekani, ya Kanada na ya nchi za Skandinavia si ile ya kipupwe chetu impayo mtu hamu ya shuka la pili, bali ni baridi iuayo, kuendesha chombo cha namna hiyo katika Januari kulikuwa ni kujitakia maradhi. Fauka ya hayo, barabara zenyewe hazikuwa zimetengenezwa kwa ajili yake. Katika jimbo la Vermont na majimbo ya jirani theluji haikuwa ikiondolewa njiani, ilikuwa ikishindiliwa: kila ilipoanguka, farasi waliburura mapipa makubwa ya mbao, yaliyolazwa ubavu na kubingirika, yakaikandamiza mpaka ikawa ngumu na sawasawa, ili yale magari yasiyo na magurudumu, yatelezayo juu ya mbao mbili zilizopinda kama omo ya mtumbwi, yapite kwa wepesi. Motokaa yenye tairi nyembamba haikuwa na lake hapo. Farasi, ambaye watu walikwisha kumpa buriani mwezi wa Mei, aliitwa tena kazini mwezi wa Desemba, na motokaa ikaingia katika banda alilotoka yeye.

Wako waliokataa. Fundi mmoja wa Ossipee katika New Hampshire, Virgil White, alibuni namna ya kuigeuza Ford aina ya T kwa kuitia mbao za kutelezea mahali pa magurudumu ya mbele na mikanda ya minyororo nyuma, na waganga wa vijijini na wachukuzi wa barua wakawa wateja wake. Lakini hao ni watu ambao kazi yao haikuwapa ruhusa ya kupumzika. Waliobaki walilaza motokaa zao, wala hakuna aliyeliona hilo kuwa ni pambo au mapenzi. Ilikuwa dharura.

Adui wa kwanza aliyetazamiwa ni maji. Injini ilipozwa kwa maji matupu yaliyozunguka kutoka kwenye rejeta, na maji yakiganda hutanuka kwa kadiri ya sehemu 9 katika 100, na katika kutanuka huko hayana adabu kwa kitu chochote kiyazuiacho, hata kiwe chuma cha kusubu chenye unene wa kidole. Usiku mmoja tu wa kusahau ulitosha kuipasua silinda kama mtu apasuavyo nazi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kuyamwaga maji hata tone la mwisho. Kisha yakaja matairi, ambayo zama hizo yalifumwa kwa nyuzi za pamba na kufunikwa mpira wa mti, vitu viwili viozavyo: yalivuliwa, yakafungwa kwa nguo na kuwekwa mahali pa giza, au, kwa mwenye mikono michache, gari liliinuliwa tu ili uzito usiyalalie mahali pamoja miezi mitano. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ilipotoa motokaa zenye stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering, madereva wakaepukana na kupiga hendeli, ambayo ilikuwa imevunja mikono ya wengi, lakini nyumba ikaongezeka mgonjwa mwingine, nayo ni betri. Maana betri iliyojaa huihimili baridi kali sana, ilhali iliyokwisha nguvu, tindikali yake ikiwa imekaribia kuwa maji tu, huganda upesi na kupasuka. Palikuwa na maduka yaliyopokea betri za watu mwishoni mwa mwaka, yakazipanga juu ya rafu na kuzichaji mara kwa mara mpaka majira ya baridi yapite, kama waangalizi wa watoto wa watu.

Msomaji aliyekulia Lamu au Unguja hana haja ya kufasiriwa habari hii. Kusi ishikapo nguvu mwezi wa Juni na Julai na bahari ikafungwa, vyombo huvutwa pwani, vikaegemezwa magogo, vikatiwa kalafati upya kwa pamba iliyolowa mafuta, na sehemu ikaayo majini vikapakwa deheni ya shahamu na chokaa. Na mgeni apitaye akasema jahazi lile limekufa, nahodha atamtazama kama nilivyotazamwa mimi Michigan.

Ada hiyo ya motokaa nusura itoweke, nayo haikuchukua hata kizazi kimoja. Mwaka 1919 motokaa zenye paa la kudumu na vioo zilikuwa kadiri ya sehemu 10 tu katika 100 za zote zilizouzwa Marekani. Ilipofika 1927 zilikuwa takriban 85. Mwaka huo huo wa 1927 ikauzwa madukani dawa ya rejeta iitwayo Prestone, itokanayo na glaikoli, ambayo haikuwa ikivukiza na kupotea kama spiriti iliyotumiwa kabla yake, na maji yaliyochanganywa nayo yalistahimili usiku ambao zamani ungepasua injini. Serikali za majimbo nazo zikaacha kuishindilia theluji, zikaanza kuisukuma kando. Mtu wa kawaida akaendesha gari lake miezi yote 12, na stendi za chuma zikasahauliwa pembeni mwa banda.

Hapo ndipo ilipoingia chumvi. Chumvi ikimwagwa juu ya barafu huifanya iyeyuke hata katika baridi ambayo maji matupu yangebaki jiwe, na New Hampshire, jimbo lile lile la fundi White, lilikuwa la kwanza Marekani kuifanya kuwa kanuni yake ya barabara, mwaka 1941. Baada ya vita kuu ya pili desturi hiyo ilienea upesi, kwa kuwa watu waliokwisha kuhamia nje ya miji walitaka lami nyeusi kila asubuhi, theluji iwe imeanguka au haikuanguka. Na ajabu iliyoje, kwamba mji wa Detroit, mama wa magari ya dunia, umekaa juu ya machimbo ya chumvi: kiasi cha mita 350 chini ya mitaa yake na viwanda vyake kuna mapango marefu yaliyochimbwa tangu 1910, na chumvi itokayo humo ndiyo imwagwayo barabarani ikala magari yatengenezwayo juu yake. Mwenyeji wa Mombasa aonaye mabati ya nyumba yake yakigeuka rangi ya kahawia kwa upepo wa bahari anaijua kazi ya chumvi. Lakini aufikirie upepo huo si kama upepo, bali kama uji mwembamba urushwao na magurudumu kutoka chini, ukajipenyeza katika kila mshono wa bati na kila upenyo wa mlango, ukakaa humo ukiwa na unyevu, mwezi baada ya mwezi. Magari ya miaka ya 1950 na 1960, ambayo mabati yake hayakuwa na kinga ya kutosha, yalitoboka ubavuni kabla rangi yake haijapauka.

Hivyo basi kile kilichowawezesha watu kuendesha magari wakati wa theluji ndicho kilichowarudisha baadhi yao bandani. Waliorudi hawakuwa wote, wala hawakuwa na dharura. Walikuwa ni wenye magari ya spoti, na hao ni kabila la peke yao. Askari wa Kimarekani waliokuwa Uingereza walivionja vigari vya MG, vidogo, vya wazi, vyenye bodi iliyojengwa juu ya kiunzi cha mti, na baada ya vita Waingereza, waliohitaji dola, wakaviuza kwa wingi ng'ambo. Jaguar ikaonyesha XK120 yake London mwezi wa Oktoba 1948. Wamarekani wenyewe wakajibu kwa Corvette mwaka 1953, wakiunda 300 tu kwa mwaka huo wa kwanza, zote nyeupe, bodi yake ikiwa ya nyuzi za kioo, kitu kisichoota kutu. Lakini chini ya bodi hiyo fremu ilikuwa ya chuma kama fremu nyingine zote, na chumvi haidanganywi na kilicho juu. Ama ile MG ya jirani yangu, ya aina ya B ya mwaka 1967, ambayo ndugu zake zaidi ya laki tano walitoka katika kiwanda cha Abingdon tangu 1962 hata 1980, haina fremu kabisa: bodi yenyewe ndiyo ibebayo, na nguvu zake nyingi zimo katika maboksi mawili ya bati yapitayo chini ya milango. Kutu ikiyala hayo, gari hukatika kiuno.

Mwaka uliofuata nilimwomba anipe ruhusa nitazame tangu mwanzo. Alianza kwa kuliosha gari chini kuliko juu, akilala chali na mpira wa maji, kisha akaliacha likauke siku mbili. Oili alibadili hapo hapo, si wakati wa kulitoa, kwa sababu oili iliyotumika huwa imebeba tindikali na unyevu wa moshi, na kuiacha humo ni kuiloweka injini katika uchafu wake yenyewe wakati wote wa usingizi. Tangi alilijaza petroli hadi shingoni, ili hewa yenye unyevu isipate makao, akatia na dawa ya kuizuia petroli isigeuke gundi, akalizungusha gari mitaani dakika kumi ili dawa hiyo ifike hata katika kabureta zote mbili. Alifungua plagi nne, akadondosha oili kidogo katika kila silinda kwa kijiko, akauzungusha mtambo kwa mkono. Nyuma ya viti alinyanyua kifuniko, nikaona betri mbili ndogo za volti 6, zilizofungwa pamoja kuwa 12, mpango ambao mafundi wengi huulaani. Alizitoa kwa upole wa mtu atoaye mayai. Handbreki aliiachia, isije ikagandamana na ngoma zake. Bomba la moshi alilizibia sufi ya chuma, kwa ajili ya panya, ambao hupenda sana kujenga humo, na ambao wakikosa bomba hutafuna nyaya. Mwisho alikuwa na kikadi kimefungwa uzi kwenye usukani, chenye mwandiko wa penseli: bomba limezibwa, breki imeachiwa, betri ziko jikoni.

Nilimuuliza kuhusu stendi. Tangu Michelin walipoleta tairi la radiali, ambalo hati yake ni ya 1946, na nyuzi za zamani zikaachwa, wengi husema hakuna haja ya kuliinua gari, inatosha kuongeza upepo. Alikubali kuwa ni kweli. Baba yake aliinua Ford yake hivyo, naye anainua. Jambo moja tu ndilo lililompandisha hasira, nalo ni desturi ya majirani wengine kuliwasha gari kila Jumapili likiwa bandani, dakika tano, ili lisisahau. Kwani injini ikiwaka bila kupata moto kamili hujitengenezea maji ndani ya bomba na ndani ya oili, na mtu huyo, alisema, anamwamsha mgonjwa ili ampe sumu.

Serikali nazo zimeitambua ada hii. Uingereza tangu 1998 humtaka mwenye gari lisilotembea atoe tamko rasmi kuwa haliko barabarani, naye husamehewa kodi. Wajerumani, kwa mpangilio wao, walileta Machi 1997 namba za majira: pembeni mwa kibao huandikwa tarakimu mbili, moja juu ya nyingine, labda 04 na 10, maana yake gari hilo lina haki ya njia tangu Aprili mpaka mwisho wa Oktoba, na nje ya miezi hiyo halilipiwi ushuru wala haliruhusiwi hata kuegeshwa mtaani.

Aprili ilipofika theluji ilikuwa imekwisha yeyuka, jua linawaka, nami nikashangaa kuona banda lingali limefungwa. Mzee alinichukua mpaka kando ya barabara, akachutama, akapitisha kidole juu ya lami; kilitoka cheupe kama kidole cha mwashi wa chokaa. Alikuwa anangoja mvua, tena si manyunyu. Ilinyesha usiku wa Alhamisi, ikanyesha tena Ijumaa mchana kutwa, na Jumamosi asubuhi nilimkuta akikata uzi wa kile kikadi usukanini, akikisoma mara mbili, kisha akaenda nyuma na kibano kirefu kuitoa ile sufi ya chuma katika bomba.