Chandarua Juu ya Msitu: Tamathali Zilizojificha katika Kiingereza cha Darasani

Tamathali za semi za Kiingereza hufundishwa kama mapambo. Mwanafunzi hukaririshwa kwamba "to kick the bucket" ni kufa, na kwamba mvua ya "cats and dogs" ni ile isiyo na mchezo. Mtihani ukishapita, ndoo, paka na mbwa husahaulika bila hasara. Makala haya yanadai kuwa tamathali zinazomkwaza mwanafunzi ni nyingine: zile ambazo hakuna anayezitaja kuwa tamathali, zilizolala ndani ya vitabu vya biolojia na fizikia.

Chukua mfano wa Mkoa wa Pwani nchini Tanzania, wenye shule mbili za sekondari zenye historia ndefu: Minaki ya Kisarawe, iliyoanza kama chuo cha wamisionari wa Kianglikana, na Kibaha, iliyofunguliwa mwaka 1965 kwa msaada wa nchi za Nordiki. Humo, kama katika sekondari nyingine za serikali, anaingia mtoto aliyesoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi, naye anakutana na "cell". Robert Hooke alilitumia neno hilo mwaka 1665, alipochungulia kipande cha gome kwa hadubini akaona vijumba vilivyopangana kama vyumba vidogo. Kiswahili kilichukua "seli", taswira kikaiacha. Ajabu ni kwamba taswira yenyewe iko mtaani: selo, anakolazwa mtuhumiwa kituoni, ni ndugu wa neno hilohilo. Mwalimu akizikutanisha seli na selo, "ukuta wa seli" hauhitaji tena kukaririwa.

Mbu naye ana lake. Kibaha kuna kiwanda cha viuadudu vya kuangamizia viluwiluwi wa mbu, kwa hiyo malaria hapo si habari ya kitabuni tu. Kitabu humwita mbu aina ya anofelesi "vector". Kipindi kinachofuata, fizikia inaleta "vector" nyingine, yenye ukubwa na mwelekeo. Zote mbili zinatokana na Kilatini, zikiwa na maana ya mbebaji. Mmoja hubeba vimelea, mwingine, kwa mfano, humbeba mtu kutoka nukta moja hadi nyingine.

Wapo watakaosema kwamba sitiari iliyokufa iachwe kaburini, maana Mwingereza asemapo "cell" hafikirii vyumba vidogo. Ni kweli. Lakini Mwingereza alilisikia neno hilo kwa matumizi mengine kabla ya kufika maabara. Mtoto wa Kisarawe analikuta ubaoni, likiwa uchi. Hata hivyo, taswira nyingine hupotosha. Kiumbe anayeishi na kimelea huitwa "host", na Kiswahili kikafuata kwa "mwenyeji", ilhali hakuna mwenyeji wa Pwani aliyewahi kumkaribisha mgeni wa namna hiyo.

Mfano mzuri kuliko yote uko katika msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, hukohuko Kisarawe. Matawi ya juu yanayofungamana huitwa "canopy", neno lililotoka katika Kigiriki, ambako lilikuwa kitanda chenye pazia la kuzuia mbu. Kamusi za zamani za Kiswahili nazo huipa "chandarua" maana mbili: neti ya mbu, na turubai linalotandazwa juu ili watu wapate kivuli. Mwanafunzi anayelala ndani ya chandarua bwenini tayari anayo nusu ya somo. Akipelekwa msituni na kuinua macho, ataiona nusu ya pili.