Nusu Ndani, Nusu Nje

Stima ilipotea saa nane mchana, Garissa jua likiwa utosini. Nilikuwa katikati ya kuweka programu kwenye laptopu yangu ya Ubuntu, na betri ya hiyo mashine ilishakufa kitambo. Stima iliporudi nikajaribu kuendelea, mashine ikagoma. Iliniambia kazi ya mwanzo ilikatizwa, kisha ikanipa amri ya kuandika: dpkg --configure -a. Nikaandika. Dakika mbili baadaye kila kitu kilikuwa sawa.

Ni jambo dogo, lakini lilinikaa kichwani. Nani aliketi chini akawaza kwamba siku moja stima itapotea?

Jibu linaanzia Agosti 1993, wakati Ian Murdock, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani, alipotangaza mradi wa Debian. Ubuntu ilikuja kujengwa juu ya kazi hiyo. Chombo cha Debian cha kuweka na kuondoa programu kinaitwa dpkg, na Mwingereza Ian Jackson ndiye aliyekiandika upya kwa lugha ya C mwaka 1994.

Kifurushi cha programu si mafaili matupu. Kinaweza kubeba skripti nne: preinst hufanya kazi kabla ya mafaili kuwekwa, postinst baada ya kuwekwa, prerm kabla ya kuondolewa, na postrm baada ya kuondolewa. Kila skripti ikimaliza hurudisha namba. Sifuri maana yake imefaulu. Namba nyingine yoyote maana yake imefeli.

Sasa, watu wengi wangeishia hapo: ikifeli, imefeli. Waliotengeneza dpkg hawakuishia hapo. Kila hali ya katikati waliipa jina, yaani kuna kifurushi kilichowekwa nusu, na kuna kilichosanidiwa nusu, na hali hiyo huandikwa kwenye faili la kumbukumbu. Kisha wakaweka njia ya kurudi. Tuseme unaondoa programu na prerm ikafeli. dpkg huiita postinst na kuiambia abort-remove, yaani uondoaji umevunjika, rudisha mambo yalivyokuwa. Hiyo nayo ikifeli, kifurushi huandikwa kuwa kimesanidiwa nusu, ili atakayekuja ajue pa kuanzia. Na kuna kanuni moja juu ya zote: skripti iandikwe hivi kwamba ukiirudia mara ya pili haiharibu kitu. Kukwama kulihesabiwa tangu mwanzo, na aliyekwama halaumiwi.

Nilipoisoma kanuni hiyo, mawazo yalinipeleka kwenye foleni za vitambulisho hapa kwetu.

Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991, Somalia iliposambaratika. Zilikusudiwa watu 90,000 hivi. Kufikia ukame wa 2011 zilikuwa na zaidi ya 400,000. Lakini ukame hauulizi pasipoti. Wakenya wa Garissa na jirani zake nao walipoteza mifugo, na chakula, shule na dawa vilikuwa ndani ya kambi. Familia zikajiandikisha kama wakimbizi. Wengine walikuwa watoto tu, waliopelekwa na wazazi wao, wakaweka vidole kwenye mashine bila kujua wanasaini nini.

Mtoto akafika miaka 18, akaenda kuomba kitambulisho. Mashine ikalinganisha alama za vidole, ikasema: huyu ni mkimbizi. Mzee wa mtaa anamjua, cheti cha kuzaliwa kipo, haisaidii. Bila kitambulisho husajili laini ya simu, hufungui akaunti ya benki, hupigi kura. Wanaitwa waathiriwa wa usajili wa mara mbili, na wanakadiriwa kuwa angalau 40,000.

Mfumo ule ulijua kuweka. Hakuna aliyeandika sehemu ya kuondoa. Kwa miaka mingi njia ya kutoka ilikuwa zoezi la kuhakiki: linakuja, wengine wanapita, linaisha, waliobaki wanangoja lingine. Na hawa hawakuwa na hata jina la hali yao kwenye faili. Mkimbizi si kweli, Mkenya haijakubaliwa.

Shirika la Haki na Sheria la hapa Garissa lilipeleka kesi kortini, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa ikaamua kwamba kuwanyima watu hawa vitambulisho ni kukiuka haki zao.

Binadamu si kifurushi, najua. Ndiyo maana inauma. Wajamaa waliokuwa wakiandika programu na kuigawa bure walikubali mapema kwamba kitu kinaweza kukwama katikati, na kwamba kukikwamua ni kazi ya mfumo. Laptopu yangu ilingoja dakika mbili. Kuna watu hapa Garissa waliofikisha miaka 30 wakiwa bado wanangoja amri yao.