Namba Mbili: Hasheem Thabeet na bei ya urefu

Barabara ya kutoka Kisumu hupita Oyugis, ikapanda Kisii, ikateremka Rongo na Migori hadi Isebania. Ukivuka mpaka hapo, uko Sirari, Tanzania. Oyugis, ndani ya Kaunti ya Homa Bay, ndiko iliko Agoro Sare, shule ya wavulana inayofahamika kwa wapenzi wa mpira wa kikapu kote Nyanza. Hata hivyo, wengi wa vijana wanaoingia shule za namna hiyo hawajawahi kurusha mpira kwenye pete. Shule za msingi walikotoka zina magoli ya soka na labda wavu wa voliboli, basi. Mvulana alikuwa akianza kudundisha mpira akiwa kidato cha kwanza, miaka 14 au 15, juu ya saruji, na kwa miaka mingi kikapu kilikuwa mchezo wa muhula wa kwanza peke yake.

Ng'ambo ya mpaka mambo hayakuwa tofauti sana, na kisa cha Mtanzania wa kwanza kucheza NBA hakieleweki bila kuiweka akilini hesabu hiyo ya miaka.

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Baba yake alifariki yeye akiwa bado shuleni. Mama yake, Rukia, ndiye aliyebaki na malezi. Alisoma Makongo, sekondari yenye jina katika michezo, na mpira wa kikapu aliuanza akiwa na miaka kama 15. Urefu ulikuwa umemtangulia. Kijana wa kimo chake mtaani huitwa kuangua maembe. Yeye alipewa mpira. Baadaye akavuka bahari, akamalizia sekondari Cypress Christian, mjini Houston, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut kwa kocha Jim Calhoun, aliyekuwa ameshatwaa ubingwa wa vyuo wa Marekani mara mbili, 1999 na 2004.

Hapo ndipo mahali pa kutulia kidogo, maana miaka mitatu ya Connecticut ndiyo iliyompandisha bei.

Mtu wa sentimita 221 akisimama chini ya pete, mpinzani hufanya hesabu mpya. Thabeet alizuia mitupo 152 katika msimu wake wa mwisho, na alipoondoka chuoni alikuwa amezuia 417. Katika historia ya chuo hicho ni Emeka Okafor tu aliyemzidi, kwa mitupo 441. Lakini takwimu hazikueleza kazi yake yote. Wapo waliofika karibu na pete, wakamwona, wakageuka na kurudisha mpira nje. Hao hakuna aliyewahesabu. Wenzake nao waliweza kumbana mpinzani kwa karibu bila hofu ya kupitwa, kwa kuwa nyuma yao kulikuwa na mlinzi. Mwaka 2008 na 2009 alichaguliwa mlinzi bora wa ligi ya Big East, ambayo wakati huo ilikuwa miongoni mwa ligi ngumu kabisa za vyuo. Tarehe 31 Januari 2009, dhidi ya Providence, alifunga pointi 15, akadaka mipira 11 iliyogonga ubao na kuzuia mitupo 10.

Siku 16 baadaye, Pittsburgh wakaja. Connecticut walikuwa namba moja nchini. Senta wa Pittsburgh, DeJuan Blair, alikuwa na kimo cha kama mita mbili tu, lakini kifua kipana na miguu mizito. Wakigombea mpira, mikono yao ikanasana, na Blair akambeba Thabeet begani akambwaga sakafuni kama gunia. Picha hiyo ilizunguka Marekani nzima. Blair alimaliza na pointi 22 na mipira 23 iliyorudi kutoka ubaoni. Thabeet alipata pointi 5 na mipira 4, na Pittsburgh wakashinda 76–68. Mwisho wa msimu wawili hao waligawana tuzo ya mchezaji bora wa Big East.

Nadhani mechi ile ilisema ukweli wote kumhusu, kwa aliyetaka kuusikia. Thabeet alikuwa na miaka 22 na alikuwa amecheza kwa muda usiozidi miaka saba. Kuzuia mitupo alishaweza, tena kuliko karibu wote wa rika lake. Alichokosa ni mambo ambayo mtoto wa Chicago au Pittsburgh huyapata kabla hajabalehe: kushusha kiuno na kumzuia mtu kwa mgongo, kupokea pasi huku anasukumwa, kujua miguu iende wapi kabla akili haijaamua. Hayo hayafundishiki kwa msimu mmoja.

Connecticut walifika nusu fainali ya taifa mjini Detroit, wakatolewa na Michigan State kwa 82–73. Thabeet akaamua kuacha chuo mwaka mmoja kabla ya kumaliza. Usiku wa tarehe 25 Juni 2009, New York, klabu za NBA zilipokuwa zikichagua wachezaji wapya kwa zamu, Los Angeles Clippers walimchukua Blake Griffin kuwa namba moja. Memphis Grizzlies, wenye nafasi ya pili, wakamwita Hasheem Thabeet. Hakuna mtu wa Afrika Mashariki aliyewahi kuchaguliwa juu hivyo. Luol Deng wa Sudan Kusini alikuwa wa saba mwaka 2004. Blair, yule aliyembwaga, aliteremka mpaka namba 37.

Namba tatu alikuwa James Harden. Namba saba, Stephen Curry. Orodha nyingi za makosa makubwa ya NBA zilizoandikwa tangu hapo zimeyataja majina hayo matatu kwa pamoja, na Thabeet amebebeshwa lawama ya uchaguzi ambao hakuufanya yeye.

Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol, senta aliyekuwa anachanua, na mwezi uliofuata wakamwongeza Zach Randolph. Kijana aliyehitaji dakika kuliko kitu kingine chochote akawekwa nyuma ya watu wawili wanaozihitaji dakika hizohizo. Katika mwaka wake wa kwanza alicheza mechi 68, wastani wa dakika 13, pointi 3.1. Februari 2010 akapelekwa Dakota Wizards, timu ya ligi ya chini huko North Dakota. Hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyekuwa amewahi kushushwa huko. Februari 2011 akauzwa Houston, Machi 2012 akauzwa Portland. Kwa Houston alicheza mechi saba tu.

Mtu anaweza kunipinga kwa jina la Hakeem Olajuwon. Naye aliuanza mpira huu akiwa kijana mkubwa, huko Lagos, na akawa mmoja wa masenta bora wa wakati wote. Ni kweli. Ila Olajuwon aliuingia na miguu aliyoijenga kwenye soka na mpira wa mikono, na alipofika Houston Rockets mwaka 1984 alikabidhiwa timu. Dakika zilikuwa zake, akikosea au akipatia. Kuchelewa kuanza peke yake hakuui kipaji cha mtu. Kuchelewa kuanza, halafu kulipiwa bei ya mchezaji aliyekwisha kuiva, halafu kukalishwa benchi, ni jambo jingine.

Miaka yake ya utulivu ilikuwa Oklahoma City, kuanzia Julai 2012. Harden alikuwa bado yupo pale, kwa hiyo kwa miezi michache namba mbili na namba tatu wa 2009 walikuwa klabu moja, kabla Harden hajauzwa Houston mwezi Oktoba. Thabeet alicheza mechi 66 msimu ule kama senta wa akiba, kazi iliyolingana na alichokuwa nacho: dakika chache, linda pete, rudi ukae. Kama angechaguliwa namba 30, watu wangeiita kazi ya heshima. Msimu wa pili dakika zilipungua, Agosti 2014 akapelekwa Philadelphia wakamwachia mara moja, na mechi zake za NBA zikabaki 224, wastani wa pointi 2.2.

Tangu hapo alicheza popote alipohitajika: Grand Rapids katika ligi ya chini, Yokohama nchini Japani, Fort Wayne, kisha Taiwan, ambako mwaka 2020 alijiunga na Hsinchu katika ligi iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza. Mwanariadha mwenye miaka zaidi ya 30 anayekubali kupanda basi na timu za ligi ndogo baada ya kuonja NBA hawezi kuitwa mvivu, na hiyo ndiyo shutuma moja ambayo napenda kuona imefutwa.

Hesabu ya miaka imeanza kubadilika, taratibu. Madina Okot, Mkenya, aliingia kwenye kikapu akitokea voliboli, akapitia Kaya Tiwi huko Kwale na Chuo Kikuu cha Zetech, akaenda Mississippi State mwaka 2024 na South Carolina mwaka uliofuata. Naye alichelewa kuanza, ila alikuja na kuruka na mikono ya mchezo mwingine. Mwaka 2025 Nairobi City Thunder ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza Ligi ya Kikapu ya Afrika, ambayo ilianza 2021. Kwa kijana wa Oyugis au Rongo, hilo maana yake ni kwamba mchezo wa kulipwa sasa unaonekana kutoka Nairobi. Shule za msingi bado hazina pete.

Khaman Maluach yeye alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, akakulia Kampala. Alianza kucheza akiwa na miaka kama 13, akachukuliwa mapema na akademia ya NBA nchini Senegal, akacheza Ligi ya Afrika akiwa bado mvulana, akavaa jezi ya taifa lake kwenye Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17, kisha akasoma Duke mwaka mmoja. Ana sentimita chache pungufu ya Thabeet. Tarehe 25 Juni 2025, miaka 16 kamili baada ya usiku ule wa Memphis, alichaguliwa namba 10 akaelekea Phoenix. Alikuwa na miaka 18, umri ambao Thabeet alikuwa ameshika mpira kwa miaka mitatu tu.